Andika Maisha Yako Mwenyewe

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Nyegezi, Mwanza



Tunajua wengine mmetoka shambani na wengine mmetoka mwaloni, na nyavu bado hazijaanikwa. Kwa hiyo hatutawachosha. Leo tutazungumza juu ya jambo moja tu: kuandika habari za maisha yetu wenyewe.

Sote hapa tumejifunza kusoma na kuandika. Wapo wazee kati yetu waliosoma zamani, wakati Mwanza ilipokuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Mradi ule ulianza 1968 ukaisha 1972, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo unaitwa Kagera. Wapo pia waliohitimu juzi tu. Faida tumeziona. Tunasoma mizani ya pamba wenyewe. Tunasoma risiti kabla ya kutoa fedha. Tunasoma ujumbe wa simu bila kumwita mtoto wa jirani atusomee siri zetu.

Hayo ni mema. Lakini kuna kazi moja ya kalamu ambayo wengi wetu hatujaigusa. Hatujaandika sisi ni nani, tumetoka wapi, na tumeona nini.

Mtu atasema: "Ya nini? Mimi najijua." Ni kweli, unajijua. Je, mjukuu wako atakujua?

MAJINA YASIYOANDIKWA

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Hakuna mtu mzima wa pwani hii ambaye hana la kusema juu ya siku ile. Wengi walizikwa pale Igoma.

Sasa sikilizeni jambo hili. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha ya majina. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa hutajwa tofauti tofauti. Wengine husema ni zaidi ya 500, wengine husema ni karibu 900. Watu wa daraja la tatu walikuwa na majina, walikuwa na mama zao, walikuwa na mizigo ya ndizi na watoto mgongoni. Ila majina yao hayakuwa kwenye karatasi.

Ndugu zetu, sisi wengi ni watu wa daraja la tatu. Hatusemi hivyo kwa kujidharau. Tunasema hivyo kwa sababu ndivyo tunavyosafiri. Na mtu wa daraja la tatu akingoja mwingine amwandike, anaweza kungoja mpaka kaburini.

ALIYEANDIKA NDIYE ANAYESIKIKA

Turudi nyuma kidogo, zaidi ya miaka 120. Mmesikia habari za Tippu Tip. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Misafara yake ilipita katika nchi yetu mpaka Manyema huko Kongo. Alipozeeka alikaa Unguja, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akazigeuza kwa herufi hizi tunazosoma sisi, zikachapishwa miaka ya 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki 1905. Lakini mpaka leo ukitaka kumsikia akieleza safari zake, unafungua kitabu unamsikia.

Je, wale waliobeba pembe zile kichwani wako wapi? Walikuwa maelfu. Walitembea njia ile ile, jua lile lile. Wengi wao hawakuacha hata mstari mmoja. Kwa hiyo safari ile tunaisikia zaidi kwa mdomo wa bwana wa msafara kuliko kwa mdomo wa mpagazi.

Lakini wapo waliojaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1934 kilitoka kitabu kidogo cha Kiswahili kinachoitwa Uhuru wa Watumwa. Mwandishi wake ni James Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa. Freretown ni mji walipokaa watumwa waliokombolewa baharini. Baba yake Mbotela alikuwa mmoja wa waliotekwa. Mtoto aliyasikia kwa wazee wake, akayaandika. Kama asingeyaandika, yangekwisha pamoja na wazee wale.

Mnaona tofauti? Kalamu ikiwa mkononi mwa mtu mmoja tu, habari huwa ya upande mmoja.

Hata hapa kwetu Nyegezi jambo hili lipo. Tumekaa karibu na wasomi. Kuna chuo cha uvuvi. Kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe, kilichoanza 1998 mahali palipokuwa na chuo cha mafunzo ya jamii tangu 1960. Mwanafunzi akitaka kuandika juu ya uvuvi wa zamani, huja na daftari lake, humwuliza mzee, huandika, huondoka. Si vibaya. Tuwasaidie, maana ni watoto wetu. Lakini mzee anabaki na nini? Maneno yake yamekwenda katika daftari la mtu mwingine. Wewe unayejua kuandika, huna daftari lako?

"MIMI SI MTU MKUBWA"

Hili ndilo jibu tunalolisikia kila mara. "Vitabu vya maisha ni vya marais na maaskofu. Mimi nimelima tu."

Basi tumtazame Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafa 1962. Leo ni mwandishi mwenye sifa kubwa katika Kiswahili. Lakini katika maisha yake hakuwa mkuu wa nchi wala tajiri. Alikuwa karani wa serikali ya wakoloni. Alianza katika idara ya forodha mwaka 1926 akakaa huko mpaka 1944. Aliandika Maisha Yangu, na baadaye Baada ya Miaka Hamsini. Humo anaeleza kazi, uhamisho, nyumba yake, kufiwa na mke wake, na watoto aliobaki nao. Nani kati yetu hajahama? Nani hajafiwa? Mambo ni yale yale yetu, ila yeye alikaa chini akayaandika.

Shaaban Robert aliandika pia wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye alitembeza vyungu akiuza. Baadaye akawa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa katika sahani za santuri huko Bombay, India. Alifariki 1950. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Maisha yake yameandikwa kwa sababu mtu mwingine mwenye kalamu aliona kwamba yanafaa kuandikwa.

Hapo mhitimu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika maisha yako. Ya pili ni kumwandikia bibi au babu ambaye hakupata kisomo. Kaa naye jioni, mwulize, andika kama anavyosema. Ukimaliza msomee. Akisema "hapo sivyo", sahihisha.

JIRANI YETU WA UKEREWE

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, alikuwako mzee Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896. Aliona kwamba vijana wanasahau mila na maneno ya wazee wao. Basi akaandika kitabu kikubwa kwa lugha yake, Kikerewe. Wakati huo alikuwa mgonjwa, viungo vikimwuma. Alimaliza 1945.

Kitabu kile ni hadithi ya mume na mke, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, wanaotafuta mtoto. Si habari za Kitereza mwenyewe. Lakini ndani yake mna maisha ya Wakerewe wa zamani: namna walivyolima, walivyovua, walivyougua na kutibiwa, na walivyoheshimu wakwe.

Hakupata mtu wa kukichapa kwa Kikerewe. Hakukitupa. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House na kina mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumaliza kuandika. Mzee alifariki 1981, kitabu kabla hakijamfikia mkononi. Lakini leo kinasomwa, na kimetafsiriwa mpaka kwa Kijerumani na Kiingereza.

Tunajifunza nini? Kwanza, andika kwa lugha inayokuja yenyewe. Kama neno la Kisukuma ndilo linalosema kweli, liandike. Pili, usingoje kitabu kichapwe. Daftari lililo sandukuni kwako limekwisha kuwa kazi kamili. Watoto wako ndio wasomaji wa kwanza.

TUANZEJE?

Wengi hushindwa kwa sababu wanaanza na kuzaliwa. Wanaandika "Nilizaliwa", halafu hawajui siku, hawajui mwaka, kalamu inasimama. Usianze huko. Anza na jambo moja unalolikumbuka vizuri. Siku moja. Kazi moja. Safari moja. Kesho andika jingine. Baadaye utayapanga.

Hebu tusome mifano miwili tuliyoitunga sisi kwa ajili ya mazungumzo haya. Wa kwanza huu:

"Zamani maisha yalikuwa magumu. Tulipata shida nyingi. Tulihama. Mungu alitusaidia."

Si uongo. Lakini maneno haya angeweza kuyaandika mtu yeyote, wa Nyegezi au wa Mtwara. Sasa wa pili:

"Mwaka ule wa mvua kubwa, maji ya ziwa yaliingia katika shamba letu la mihogo. Tulihama mara mbili. Mama alijitwisha jiwe la kusagia kichwani. Baba akamwambia aliache, mawe yako kila mahali. Mama akasema jiwe hili nimepewa na mama yangu, haliachwi. Jiwe hilo liko kwangu mpaka leo."

Mmesikia? Huyu tumemwona. Hakutumia maneno makubwa. Ametaja vitu: shamba la mihogo, jiwe, kichwa cha mama. Kwa hiyo wewe nawe taja vitu. Taja mlikula nini. Kama ni michembe na matobolwa, eleza mlivyoyatengeneza, kwa sababu watakuwapo wajukuu wa mjini wasioyajua. Taja bei ya kilo ya pamba kama unaikumbuka. Taja jina la mtumbwi, jina la ng'ombe, jina la mwalimu wako wa kwanza.

Chukueni habari ya furu. Wazee wanakumbuka ziwa hili lilivyojaa furu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 aliongezeka sana hapa katika Ghuba ya Mwanza, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wataalamu wameandika majina ya samaki hao na vipimo vyao. Lakini mama zetu walimpikaje furu? Watoto walimvuaje? Nani aliishi kwa kumwuza, na alipotoweka huyo mtu alifanya kazi gani? Haya wataalamu hawawezi kuyajua tusipoyasema.

KUPATA MWAKA

Wengi wetu hatukuandikiwa tarehe. Hilo lisikuzuie. Tunaweza kuutafuta mwaka kwa kuuliza: jambo hili lilikuwa kabla au baada ya jambo lile? Haya hapa mambo ya kutusaidia, wahitimu mnaweza kuyanakili:

1955: Chama cha ushirika cha Victoria Federation, cha wakulima wa pamba wa kanda hii, kinaundwa.
1961: Uhuru wa Tanganyika, Desemba 9. Mvua kubwa zinanyesha, na maji ya ziwa yanapanda zaidi ya mita 2 mpaka 1964.
1967: Azimio la Arusha, mwezi wa Februari.
1970: Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.
1973 hadi 1976: Watu wanahamia vijijini, ndiyo Operesheni Vijiji.
1978 hadi 1979: Vita vya Kagera.
1996: MV Bukoba inazama, Mei 21.
1999: Mwalimu Nyerere anafariki, Oktoba 14.
2025: Daraja la Kigongo na Busisi linafunguliwa, Juni 19.

Kwa mfano, mama anasema: "Mtoto wangu wa tatu alikuwa anatambaa wakati askari wanakwenda vitani Uganda." Basi mtoto huyo alizaliwa karibu 1978. Andika hivyo hivyo: "karibu 1978". Usibuni tarehe ili habari ipendeze.

Na daraja hilo la Kigongo lenyewe ni mfano mzuri. Leo gari linapita kilomita 3 juu ya maji kwa dakika chache. Watoto wanaozaliwa sasa hawatajua foleni ya kivuko, kulala ng'ambo kwa kuchelewa, mgonjwa anayengoja, na wauza mahindi ya kuchoma waliokuwa wakipita kwenye madirisha ya magari. Kama ulivuka pale mara nyingi, andika sasa, wakati bado unakumbuka.

MAMBO YA UCHUNGU

Maisha si furaha tupu. Kuna watoto tuliowazika. Kuna ndoa zilizovunjika. Kuna njaa. Wakati wa Operesheni Vijiji wapo waliohama kwa hiari, na wapo waliohamishwa kwa nguvu. Wapo waliopata shule na maji, na wapo walioacha miembe yao na makaburi ya wazee wao. Serikali iliandika idadi ya vijiji. Yaliyotokea mlangoni kwako siku ile unayajua wewe.

Je, tuyaandike haya? Sisi tunasema ndiyo, kwa mwandiko wa mtu mkweli. Andika uliloliona na ulilolitenda. Ulilolisikia tu, sema "nilisikia". Kama ulikosea, usijipake sukari. Kama ulitendewa ubaya, eleza tendo, acha matusi. Daftari la maisha si baraza la kesi. Ugomvi wa mpaka wa shamba una mahali pake. Tena fikiri juu ya waliohai: siri ya mtu mwingine si mali yako kwa sababu tu unaijua.

Kuna jambo ambalo huwezi kuliandika leo? Liache. Pita kwenye jambo jingine. Huenda mwaka kesho utaliweza. Na kama unaandika kwa ajili yako tu, usimsomee mtu. Hiyo ni haki yako.

Mama zetu tunawaomba zaidi. Mara nyingi habari za ukoo huandikwa kwa majina ya wanaume: fulani mwana wa fulani. Mama aliyeolewa kutoka mbali, aliyelima, aliyezaa wanane, anaandikwa "mke wake". Nyinyi sasa mnajua kalamu. Andikeni majina ya mama zenu na bibi zenu mpaka pale mnapoweza kufika.

KULITUNZA DAFTARI

Nunua daftari gumu, usitumie karatasi za kupeperuka. Andika kwa kalamu ya wino, kwa sababu penseli hufutika. Andika jina lako na tarehe katika ukurasa wa kwanza. Nusu ukurasa kwa siku unatosha. Hata mistari mitano inatosha. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja uendelee. Usichane ukurasa kwa sababu ya makosa ya herufi.

Daftari lina maadui: mchwa, panya, mvua na watoto wanaotafuta karatasi ya kuwashia moto. Lifunge katika mfuko wa nailoni, liweke katika sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini mahali lilipo. Wenye simu wanaweza kupiga picha kurasa zao, au kumrekodi mzee akizungumza. Ni vizuri. Lakini simu huibiwa, na simu huanguka majini, wavuvi mnajua. Kwa hiyo andika pia.

Kuna faida nyingine. Asiyetumia kisomo chake hukipoteza. Wapo waliohitimu wakapewa vyeti, lakini leo wanarudi kuweka dole gumba kwa sababu hawakupata la kuandika. Maisha yako ni kitu cha kuandika ambacho hakiishi, wala hakinunuliwi dukani ila daftari lenyewe.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya kukutana tena, kila mmoja aandike ukurasa mmoja kwa kujibu swali moja tu kati ya haya:

1. Mlipohamia hapa mnapokaa, mlibeba nini na mliacha nini?
2. Kazi gani uliyoifanya zamani leo haifanywi tena? Ieleze hatua kwa hatua.
3. Ulikuwa wapi siku MV Bukoba ilipozama? Nani alikuletea habari?
4. Ulijifunza kusoma lini, na neno gani la kwanza uliloweza kulisoma?
5. Bibi yako aliitwa nani, naye mama yake aliitwa nani? Kama hujui, nani bado yuko hai wa kuulizwa?

Swali la tano lisingoje wiki ijayo. Anayejua jibu anaweza kuwa mzee sana. Ukitoka hapa pita kwake kwanza, na daftari mkononi.

Sasa karibuni maswali.